Mtandao wa kijamii kwa seva moja: namna ya kuukuza haraka bila kuuangusha

Ujumbe wa aina moja umenifikia mara nyingi mno mwaka huu. Mtu katengeneza mtandao wake wa kijamii, mzuri tu, kautupia kiungo kwenye magrupu yote ya WhatsApp usiku mmoja, na kufikia asubuhi limetokea moja kati ya mawili. Ama watu wameingia, wamekuta kimya, wametoka na hawajarudi. Ama wameingia wote kwa mpigo, seva imezimia, na aliyefika mwisho kaona ukurasa mweupe. Swali wanaloniuliza ni lile lile: ninunue seva kubwa kiasi gani?

Seva yako haina kosa. Kosa liko mlangoni: uliufungua wote siku moja. Hapa nitaonyesha namna ya kuufungua kidogo kidogo, kwa bajeti ya mtu anayelipia kutoka mfukoni, mpaka watu waongezeke kwa kasi unayoimudu.

Mfano wangu mwanzo hadi mwisho ni mtandao wa wakulima wa parachichi wa Rungwe, wilaya ya mkoa wa Mbeya, Tanzania. Wewe weka wa kwako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Seva ya kukodi ya Linux yenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ya GB 2. Kwa makampuni mengi ni kati ya dola 5 na 12 kwa mwezi. Epuka hosting ya kuchangia na tovuti nyingine; jirani akizidiwa, na wewe umezidiwa.
- Kikoa (anwani ya tovuti) chako mwenyewe, kwa jina lako, si kwa jina la fundi aliyekutengenezea. Cheti cha usalama chukua Let's Encrypt, ni bure.
- Lugha ya programu unayoijua tayari. PHP inatosha kabisa. Hifadhidata iwe MySQL au PostgreSQL.
- Ghala la kukodi la kuwekea picha, nje ya seva.
- Huduma ya kutuma barua pepe. Usitume moja kwa moja kutoka kwenye seva. Makampuni mengi yamefunga njia hiyo, na hata ikipita, barua itaangukia kwenye taka.
- Simu ya Android ya bei ya chini, yenye bando la kawaida. Sifanyi mzaha. Hii ndiyo itakayokuambia ukweli.
- Watu wawili zaidi yako: mmoja anayeaminika katika jamii unayoilenga, na mwingine wa kufuta uchafu usiku ukiwa umelala.
- Fedha ya seva ya miezi 6 ikiwa pembeni. Kwa seva ya dola 12 ni dola 72. Kama hiyo haipo, subiri kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua chumba kinachoweza kujaa

Tarehe 4 Februari 2004, thefacebook, ndiyo Facebook ya leo, ilipofunguliwa, ilikuwa ya Harvard peke yake. Bila barua pepe ya chuo hicho, huingii. Ilikuwa ikiendeshwa kwenye seva ya kukodi ya dola 85 hivi kwa mwezi. Wiki chache baadaye zikaongezwa Columbia, Stanford na Yale, na kufikia mwisho wa mwaka ule walikuwa watu wapatao milioni moja.

Wengi wakisikia habari hii wanashika ile milioni. Wewe shika ule mlango mwembamba. Mwanafunzi wa kwanza aliyeingia alikuta watu anaopishana nao kwenye bwalo la chakula. Hakuhitaji watu milioni. Alihitaji thelathini anaowajua.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika majina ya watu 100 wa chumba chako, yaani jamii moja ya watu wanaojuana, ambao unaweza kuwafikia kwa simu au kwa miguu. Kwa mfano wangu, ni wakulima wa kata mbili za Rungwe wanaouza kwa wanunuzi wale wale. Ukishindwa kufikisha majina 50, chumba hicho si chako. Tafuta kingine, au tafuta mwenyeji wake.

Mlangoni weka msimbo wa mwaliko. Kila mwanachama apewe mitano, basi. Msimbo unafanya kazi mbili: unazuia mafuriko, na unakuonyesha nani kamleta nani, jambo litakalokufaa sana matapeli watakapokuja.

Onyo: "vijana wa Afrika Mashariki" si chumba. Ni stendi ya mabasi.

Utajua umefaulu ukimtajia mmoja wa wale 100 wazo lako, naye akakuuliza, "Na fulani yumo?"

## Hatua ya 2: Punguza vitu mpaka uone haya

Thefacebook ilipoanza haikuwa na ukuta wa kuandikiana. Ulikuja Septemba 2004. Albamu za picha zilikuja Oktoba 2005. Ule mkondo wa habari ambao leo tunaona ndio Facebook yenyewe ulikuja Septemba 2006. Walikua kwa miezi mingi bila vitu ambavyo wewe unataka viwepo siku ya kwanza.

Vya lazima ni vitano: wasifu, chapisho lenye picha moja, majibu, taarifa kwamba umejibiwa, na kitufe cha kuripoti. Kitufe cha kuripoti si pambo. Kiwepo kabla hata ya kitufe cha kupenda.

Video acha. Dakika moja ya video ya simu hupita MB 50 bila shida, na mkulima atalipa bando hilo mara mbili, kuipandisha na kuitazama. Gumzo la papo kwa papo nalo acha. WhatsApp inalifanya vizuri kuliko utakavyoweza wewe. Kinachokosekana WhatsApp ni swali la mwezi wa tatu kupatikana mwezi wa tisa. Hapo ndipo pa kuwekea nguvu zako: machapisho yanayotafutika kwa jina la ugonjwa, aina ya mche, kata.

Ichukue sasa ile simu ya bei ya chini. Ukurasa wa kwanza, bila picha, usizidi KB 200. Ukizidi, umebeba maktaba za JavaScript usizozihitaji.

## Hatua ya 3: Iandae seva isizimie

Hapa ndipo fedha inapookolewa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Picha kwanza. Picha ya simu ya kisasa ina MB 3 hadi 5. Wakulima wakipandisha picha 1,000 kwa siku zenye MB 4, umejaza GB 4 kwa siku moja. Zipunguze zikifika: upana wa pikseli 1,080, ubora wa JPEG 75. Picha itashuka hadi karibu KB 150, na zile 1,000 zitakuwa MB 150. Wakati huo huo futa taarifa zilizojificha ndani ya picha, maana simu nyingi huandika humo mahali ilipopigwa. Hutaki kila mtu ajue ramani ya shamba la mwenzako msimu wa mavuno. Kisha zipeleke kwenye ghala, zisomwe kutoka huko, zisipitie kwenye programu yako.

Hesabu ya RAM. Kila anayefungua ukurasa anahudumiwa na mchakato mmoja wa PHP, na mchakato huo unaweza kula MB 50. Seva yako ina MB 2,048. Toa 800 za hifadhidata na mfumo, zinabaki 1,248. Gawa kwa 50, unapata michakato 24. Andika 24 kwenye `pm.max_children`, mpangilio wa PHP unaoweka ukomo wa michakato.

Mafundi wengi huandika 100 ili "isikwame". Ukiandika 100, siku ya msongamano RAM itaisha, mashine itaanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ni kobe mbele ya RAM. Kila kitu kitasimama, na wewe mwenyewe utashindwa kuingia kurekebisha. Ukiandika 24, mtu wa 25 atasubiri kidogo, kama anavyosubiri kwa wakala wa M-Pesa. Ukurasa ukichukua sekunde 0.2, michakato hiyo inahudumia kurasa 120 kwa sekunde kwenye karatasi. Prosesa ndogo itapunguza hesabu hiyo, lakini kwa chumba chako ni nyingi bado.

Pima kwanza mchakato wako unakula kiasi gani. Hiyo 50 ni ya mfano.

Maswali kwa hifadhidata. Seva nyingi nilizoitwa kuzitazama hazikuuawa na watu. Ziliuawa na ukurasa wa mbele. Ukurasa una machapisho 20. Programu inauliza hifadhidata mara moja kupata orodha, kisha mara 20 kupata jina la kila mwandishi, kisha mara 20 kuhesabu majibu. Maswali 41 kwa mtu mmoja aliyepita tu kuchungulia! Majina yachukue kwa swali moja la pamoja. Idadi ya majibu iandike ndani ya chapisho lenyewe, uiongeze moja kila jibu linapoingia. Maswali 41 yanakuwa moja.

Halafu weka faharasa (index) kwenye safu unazotafutia. Kwa mfano wangu:

`CREATE INDEX chumba_mpya ON machapisho (chumba_id, id);`

Mstari mmoja huo unaweza kushusha swali kutoka sekunde kadhaa hadi chembe ya sekunde pale jedwali linapokuwa na rekodi laki kadhaa. Washa pia kumbukumbu ya maswali yanayozidi sekunde 0.5, uisome kila Jumamosi na chai yako.

Usionyeshe hesabu ngumu. Friendster, mtandao wa kijamii, ilikuwapo kabla ya Facebook na ilikuwa na watu wengi. Ilijikaba kwa kutaka kumwonyesha kila mtu mnyororo wa marafiki wa marafiki zake hadi hatua ya nne, ikikokotoa wakati mtu anasubiri. Kurasa zikawa nzito, watu wakahamia MySpace. Kama kuna kitu unataka kukokotoa, "wakulima walio karibu nawe" kwa mfano, kikokotoe usiku, uhifadhi jibu.

Kosa dogo usilolitarajia. Instagram ilifunguliwa tarehe 6 Oktoba 2010 kwenye mashine moja, dhaifu kuliko kompyuta ya mkononi ya waanzilishi wake. Siku ya kwanza walijiandikisha watu 25,000, seva ikalemewa. Sehemu ya tatizo ilikuwa faili la `favicon.ico`, ile picha ndogo ya kwenye kichupo cha kivinjari. Walisahau kuliweka, na kila kulikosa kukawa kunazalisha kosa jingine kwenye mfumo. Nenda ukaangalie kama la kwako lipo. Nitasubiri.

Mwisho wa hatua hii ujaribu mzigo. Kutoka kwenye mashine nyingine, tumia `ab` au k6, programu za kupima mzigo, tuma maombi 50 kwa wakati mmoja kwa dakika tano. Umefaulu kama kurasa 95 kati ya 100 zimerudi chini ya sekunde moja na RAM haijaisha. Usijaribu kwenye seva ambayo watu wanaitumia.

## Hatua ya 4: Bakapu, kabla ya mgeni wa kwanza

Kila usiku saa nane, nakala ya hifadhidata itoke nje ya seva, iende kwa kampuni tofauti na inayokukodisha seva. Weka za siku 7 na za wiki 4.

Niliwahi kuwa na bakapu ya kila usiku kwa wiki kadhaa, nikajisifu. Siku nilipoihitaji nikakuta mafaili yote yana ukubwa wa sifuri. Diski ilikuwa imejaa, na programu yangu ya bakapu ilikuwa inaandika jina la faili tu na kuniambia "tayari". Tangu hapo, bakapu ambayo sijaijaribu naihesabu haipo.

Kwa hiyo mara moja kwa mwezi irudishe nakala kwenye mashine tupu, uhesabu wanachama, ulinganishe. Ikikuchukua zaidi ya saa moja, andika maelekezo mpaka hata yule mwenzako wa usiku aweze.

## Hatua ya 5: Siri za watu na karatasi za serikali

Nywila zihifadhiwe kwa bcrypt au Argon2, njia za kuzificha zisisomeke. Nambari ya simu ya mtu isionekane mpaka akubali mwenyewe. Usiombe nambari ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Ukiibiwa, utajibu nini?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume inayosajili wanaokusanya taarifa za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa Tanzania kuna pia kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za maudhui ya mtandaoni za 2020. Mwezi Juni 2018, kanuni zilizotangulia hizo zilipodai leseni, hata jukwaa la mijadala la JamiiForums lililazimika kujizima kwa muda. Nenda ukaulize kama mtandao wako unahitaji leseni ukiwa bado na watu 50. Ukiwa nao 50,000 ni mazungumzo mengine kabisa.

## Hatua ya 6: Jaza chumba kabla ya kufungua

Waanzilishi wa Reddit, mwaka 2005, walijaza mtandao wao kwa akaunti za bandia ili uonekane una watu. Sikushauri hivyo. Rungwe wanajuana, jina lisilo na shamba litagunduliwa kabla ya saa sita mchana, na hutaaminiwa tena.

Chukua watu 10 kutoka kwenye ile karatasi ya 100. Kwa wiki mbili waandike peke yao: bei aliyopewa jana kwa kilo, picha ya jani lenye madoa, mche wa parachichi aina ya Hass aliununua wapi na ulishika au haukushika. Wewe uwajibu wote, hata kama ni saa tano usiku. Lengo ni machapisho 60, kila moja likiwa na angalau jibu moja. Mgeni husoma majibu kabla ya kusoma machapisho; anataka kujua kama hapa mtu akiuliza anajibiwa.

## Hatua ya 7: Fungua, kisha hesabu wanaorudi

Wape wale 10 misimbo yao mitano mitano. Hiyo ni milango 50. Baadaye 50 hao watatoa yao.

Namba ya waliojiandikisha ifiche hata kwa macho yako. Inalevya. Tengeneza jedwali moja: kila kundi la wiki, wangapi wamerudi wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Watu 40 wa wiki ya kwanza, wakibaki 26, kisha 21, kisha 20, una mtandao. Namba imeshuka halafu imekaa. Wakibaki 18, kisha 9, kisha 3, una ndoo inayovuja, na kumwagia watu zaidi ni kupoteza maji.

Kipimo changu: chini ya 3 kati ya 10 waliobaki wiki ya nne, usifungue zaidi. Piga simu kwa watano walioondoka. Sababu nilizozisikia mara nyingi si za ajabu: nilisahau nywila, picha haikupanda, nimeuliza hakuna aliyejibu.

Hapo utajaribiwa kutumia SMS za kuthibitisha namba. Angalia sana. Kuna roboti zinazojiandikisha ili kukumaliza salio la SMS usiku kucha. Namba moja isipate zaidi ya SMS tatu kwa saa, weka kikomo cha matumizi ya siku, na ukomo huo ukifikiwa mfumo usimame wenyewe.

## Hatua ya 8: Chumba cha pili

Kwa watu wasio na msimbo weka ukurasa mmoja wa kujiandikisha kwenye foleni: jina, simu, wilaya. Usiutangaze. Thefacebook ilikuwa inaombwa na vyuo kabla haijavifikia. Ile hali ya kungoja ilifanya kazi ambayo tangazo la kulipia lisingeifanya.

Wilaya ikifikisha majina 80 kwenye foleni, na ukampata mwenyeji wake, fungua. Njombe watakuwa wa pili, nadhani. Parachichi zao ni nyingi na wana haraka. Rudia hatua ya 6 kwa siku tano badala ya wiki mbili, kisha uwafungulie wote 80 siku moja, waingie wakutane.

Kila chapisho liwe na `chumba_id`. Thefacebook ilikuwa na hifadhidata tofauti kwa kila chuo, na chuo kimoja kikizidiwa vingine havikuyumba. Wewe kwa sasa utabaki na hifadhidata moja, lakini safu hiyo itakuruhusu kuvitenganisha baadaye bila kuandika programu upya.

Usifungue vyumba viwili ndani ya wiki moja. Kitu kikiharibika hutajua nani kakiharibu.

## Hatua ya 9: Siku ya mafuriko

Itakuja. Labda redio moja itautaja mtandao wako asubuhi, labda mnunuzi mkubwa atatangaza bei humo. Jiandae kwa swichi tatu, kila moja iwe neno moja kwenye faili la mipangilio:

1. Usajili mpya uende wote kwenye foleni.
2. Picha mpya zisipokelewe kwa muda.
3. Wasioingia kwenye akaunti wapewe ukurasa ulionakiliwa kila dakika, usiogusa hifadhidata kabisa.

Zijaribu usiku, moja moja, kabla hujazihitaji. Katika mafuriko anza na ya tatu. Mara nyingi inatosha. Kisha ongeza RAM ya seva. Kwa kampuni nyingi ni kubonyeza na kuwasha upya, kama dakika kumi. Kumbuka kubadilisha ile hesabu ya 24. RAM ikiwa GB 4, michakato ni 65.

Na nyuma ya wageni watakuja matapeli wa "tuma nauli ya lori kwa namba hii". Akaunti ya chini ya siku 7 isiweze kuandika namba ya simu wala kiungo. Akaunti tatu zikiripotiwa kutoka kwa mwalikaji mmoja, funga misimbo yake na umpigie. Mara nyingine ataapa kwamba kaibiwa simu, na mara nyingine itakuwa kweli.

Maji yakitulia, zima swichi moja moja, ya usajili iwe ya mwisho, na uwatoe watu kwenye foleni hamsini hamsini.

Upande wa seva ya pili, ifikirie pale prosesa itakapokaa juu ya asilimia 70 kwa wiki nzima huku kumbukumbu ya maswali mazito ikiwa tupu. Ya kwanza kuhamishwa ni hifadhidata.